Homoni sawa, ultrasaundi safi, mbegu hakuna: RNA ndogo zinahusikaje?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nina miaka 36, naishi Unguja, huu ni mwaka wa tano tangu nioe. Nimepima shahawa mara mbili, hakuna mbegu hata moja. Homoni zote ziko sawa na ultrasaundi haikuona kitu. Daktari wa kwanza alisema mirija imeziba, nifanyiwe upasuaji. Wa pili akasema huenda ni "RNA ndogo", akaeleza haraka haraka sikufahamu. Mdogo wangu naye kaoa miaka mitatu sasa, kapimwa, naye hana. Dada yetu ana watoto wanne. Baba na mama ni watoto wa ndugu wawili. Hizi RNA ni kitu gani, tumezipata wapi, na je, zina dawa? Kuna mtu ananiuzia vidonge vya kurekebisha RNA kwa laki tatu na nusu.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu.

Nianze na pesa yako, maana ndiyo iliyo hatarini leo. Hivyo vidonge usinunue. Hakuna dawa ya kumeza, ya kupaka wala ya sindano inayorekebisha RNA ndogo ndani ya korodani za binadamu. Hapa kwetu haipo, na hata huko Marekani na China, wanakozichunguza kila siku, bado haijapatikana. Na ikitokea ndani ya vidonge hivyo mna testosteroni, vitakuharibia zaidi: ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu hudhani korodani zimeshamaliza kazi, unaacha kuzituma, na hata kile kidogo kilichokuwa kikitengenezwa hukoma.

Upasuaji wa kuzibua mirija nao usubiri kwanza. Sisemi daktari wako wa kwanza alibahatisha. Mwanaume asiye na mbegu kabisa kwenye shahawa ama anazitengeneza lakini njia ya kutokea imeziba, ama hazitengenezi. Kiwanda kikilala, mara nyingi homoni ya FSH, ile inayotoka ubongoni kuzituma korodani, hupanda na korodani husinyaa. Zako zina ukubwa wa kawaida na FSH haikupanda, kwa hiyo akaona kiwanda kinafanya kazi na kasoro iko njiani. Kwa wagonjwa wengi hesabu hiyo hutoka sawa. Lakini wapo wanaume ambao kiwanda chao kinaanza kazi vizuri kila siku, kisha kinasimama katikati. Hao nao FSH yao huwa ya kawaida na korodani zao hazisinyai.

Wewe ni mtu wa visiwani, minazi unaijua. Upunga hutoa vidaka, kidaka kikawa kitale, kitale kikawa dafu, dafu likawa koroma, koroma likawa nazi. Sasa fikiria mnazi unaochanua vizuri, vidaka vinajaa, halafu vyote vinapukutika, hakuna hata kimoja kinachofika dafu. Anayepita chini akitazama shina na makuti atasema mnazi huu mzima. Ultrasaundi inaona shina na makuti. FSH kwa sehemu kubwa inatuambia kama upunga na vidaka vipo. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachotuambia kama dafu limefika.

Nimekaa miaka mingi mbele ya hadubini nikitazama vipande vya korodani, na hali hii ukiiona mara moja huisahau. Korodani imejaa mirija myembamba sana, na kipande kikikatwa kila mrija unaonekana kama duara. Kwa mtu mzima wa afya, ukingoni mwa duara kuna seli mama zimejipanga. Ukiingia ndani kidogo unakuta seli kubwa ambazo nyuzi zake za kromosomu, zinazobeba DNA ya urithi, zinaonekana kama uzi wa kushonea uliofumbatwa kiganjani. Ukiendelea, seli za mviringo, ndogo ndogo. Na katikati kabisa mikia ya mbegu imeelekea ndani kama nywele. Safari hiyo yote kutoka ukingoni huchukua kama siku 74. Kwa mtu ambaye uzalishaji umekatika, ukingo umejaa, zile seli kubwa zenye nyuzi zimejaa pia, nyingine zimeanza kuvimba na kufa, halafu basi. Katikati ya duara ni peupe.

Kwa nini zisimame hapo hapo, zote? Hapo ndipo tunapofika kwenye RNA ndogo.

DNA yako ni kitabu kikuu cha mapishi, hakitoki kwenye kabati lake. Kinachotolewa ni nakala ya ukurasa mmoja mmoja inayopelekwa jikoni, na nakala hiyo ndiyo RNA ya kawaida. RNA ndogo haina pishi lolote ndani yake. Ni kipande kifupi cha herufi kati ya 20 na 31 hivi, kimeshikwa na protini, na kazi yake ni kutafuta: kikikutana na nakala yenye maneno yanayolingana nacho, ile protini inaikata au inaizuia isipikwe. Ya kwanza iligunduliwa mwaka 1993 kwa mnyoo wenye urefu wa milimita 1 tu, na Victor Ambros na Gary Ruvkun, kila mmoja na maabara yake, wakapewa Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2024. Hizo za mnyoo zinaitwa maikroRNA.

Zinazokuhusu wewe zaidi ni jamii nyingine, piRNA. Zilielezwa mwaka 2006 na maabara kadhaa karibu kwa wakati mmoja, na wengi wao walizikuta kwenye korodani za panya. Zimepewa jina hilo kwa sababu hushikwa na protini za ukoo wa PIWI. Kwenye korodani zimejaa kupita kiasi. Kwenye ini au figo huzipati namna hiyo. Kitu kinapojazana mahali pamoja mwilini namna hii, lazima pana kazi ya pekee.

Kazi yenyewe ni ulinzi. Karibu nusu ya DNA yetu si mapishi hata kidogo. Ni vipande vya kale vinavyojinakili na kujipachika popote, tunaviita jeni zinazoruka. Barbara McClintock aliviona kwenye mahindi, na Nobel yake ikaja mwaka 1983. Aina moja tu, LINE-1, inachukua kama asilimia 17 ya DNA ya binadamu. Kwa mtu mzima vingi vimefungwa kufuli za kikemikali. Tatizo ni kwamba seli zitakazokuja kuzaa mbegu hufutiwa kufuli zote wakati mtoto yumo tumboni mwa mama, kisha hufungwa upya. Katika mwanya huo vipande hivi huamka. piRNA zina maneno yanayolingana navyo, kwa hiyo huvitambua, hukata nakala zake, na huonyesha mahali pa kurudishia kufuli. Ulinzi ukikosekana, vinaruka, vinakata DNA, na seli ikifika kwenye hatua ya kugawa kromosomu nusu kwa nusu hukuta uzi umeharibika. Mwili hauruhusu seli ya namna hiyo iendelee. Inauawa. Vidaka vinapukutika.

Kwa hiyo ukiniuliza ulikosea wapi, ulikula nini, ulivaa suruali gani: katika aina hii hukukosea popote. Kasoro ilikuwepo kabla hujazaliwa.

Sasa nirudi kwenye yale mambo matatu uliyoyaandika kwa kupitia tu, ambayo kwangu yana uzito kuliko karatasi zote za maabara: mdogo wako, dada yako, na undugu wa wazazi. Panya walioondolewa jeni yoyote kati ya tatu za ukoo wa PIWI, yaani Mili, Miwi na Miwi2, madume yao hayazai kabisa, lakini majike yanazaa kama kawaida. Anapokosekana Mili au Miwi2, mbegu hukatika mapema, kwenye kugawa kromosomu. Akikosekana Miwi, zinafika kwenye seli za mviringo ndipo zinasimama. Familia yenye kaka wawili wasio na mbegu na dada mwenye watoto wanne inafanana mno na picha hiyo. (Nisikufiche jambo hapa: mwaka 2021 ilionekana kwamba hamsta (mnyama mdogo anayefanana na panya) wa kike wanaokosa jeni ya Miwi hawazai, na hamsta wana jeni moja ya ukoo huu ambayo sisi tunayo na panya hawana. Kwa hiyo sitasema wanawake wote wako salama. Nasema dada yenu, kwa ushahidi wa watoto wanne, yuko salama.)

Kwa binadamu ushahidi umeanza kutulia miaka hii ya karibuni. Mwaka 2017 watafiti wa China walieleza wanaume wasio na mbegu waliokuwa na badiliko kwenye jeni ya PIWIL1, ambayo ndiyo Miwi yetu. Kasoro yao ilikuwa ya ajabu kidogo: mlinzi yupo, ila zamu yake ikiisha anakataa kuondoka, na kubaki kwake kunazuia DNA ya mbegu isifungashwe vizuri. Mwaka 2021 wakaelezwa wanaume 4 kutoka familia tofauti wenye kasoro kwenye jeni inayoitwa PNLDC1. Jeni hii ni fundi wa kupunguza: piRNA hukatwa ndefu, yeye anazinyoa mwisho zifike urefu unaotakiwa. Bila yeye zinabaki ndefu na chache, na kwenye korodani za wanaume hao uzalishaji ulikuwa umekatika. Tangu hapo orodha ya jeni za njia hii zilizokutwa na kasoro kwa wanaume inarefuka. Wengi wao, zamani, faili zao zingeandikwa "sababu haijulikani".

Karibu kasoro zote hizo hurithiwa kwa namna moja. Kila mtu ana nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama, na nakala moja nzima inatosha. Baba yako ana nzima moja, ndiyo maana mkazaliwa. Mama vilevile. Mtoto akipokea mbovu kutoka kwa wote wawili, ndipo mambo yanaharibika, na uwezekano wake ni 1 kati ya 4 kwa kila mimba. Wazazi walio watoto wa ndugu wawili wana babu na bibi wa pamoja, kwa hiyo ni rahisi zaidi wote wawili kuwa wamebeba nakala ile ile mbovu. Hilo halina lawama. Katika Unguja, Pemba, Mombasa na Muscat watu wameoana hivyo vizazi na vizazi, na walio wengi watoto wao wazima.

Nakuomba uulize jambo moja nyumbani, kwa upole: wajomba zako, ndugu wa mama, wana watoto? Ipo jeni inayoitwa TEX11, iko kwenye kromosomu X, mama anaweza kuibeba bila dalili na kuwapa wanawe wa kiume. Nayo hukata uzalishaji pale pale kwenye zile seli zenye nyuzi, na haihusiani na piRNA hata kidogo. Zipo na nyingine nyingi za namna hiyo. Daktari wako wa pili ana wazo zuri, lakini mpaka DNA isomwe linabaki kuwa wazo.

Niwageukie kidogo wasomaji wengine, wale wenye mbegu chache au zinazokwenda pole pole, maana huwa wanauliza hili hili. Kwenu wanaozungumzwa zaidi ni maikroRNA. Panya walioondolewa makundi mawili kwa pamoja, miR-34b/c na miR-449, wana mbegu chache, dhaifu na zenye maumbo mabaya. Likiondolewa kundi moja tu, lingine hushika nafasi yake na wanazaa. Vilevile mbegu haimalizi kukua ndani ya korodani. Inapita kwenye epididimisi, mrija uliojikunja nyuma ya korodani ambao ukinyooshwa hufika kama mita 6, na humo kuta za mrija humimina vipovu vyenye RNA ndogo zinazoingia ndani ya mbegu. Hizi hubadilika kwa chakula. Huko Sweden, katika utafiti uliotoka mwaka 2019, vijana 15 walikula lishe bora wiki moja, kisha wakaongezewa sukari nyingi wiki ya pili, na RNA ndogo ndani ya mbegu zao zikabadilika katika siku hizo chache tu. Ndiyo maana namwambia mwenye mbegu chache aache sigara, apunguze uzito, apime tena baada ya miezi mitatu. Kwako wewe, ndugu yangu, ushauri huo ni wa afya yako kwa jumla. Hautaleta mbegu.

Sasa la kufanya. Rudia kipimo cha shahawa kwenye maabara inayozungusha sampuli kwenye mashine na kutazama mashapo yaliyotua chini. Bila hivyo neno "hakuna" halijathibitika, kwani mbegu tano au sita hupotea kirahisi kwenye tone. Kabla yake ukae siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Kwenye karatasi soma kiasi. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni mililita 1.4. Kikiwa kidogo sana na shahawa ikawa na asidi, hoja ya mirija kuziba inarudi mezani kwa nguvu, hasa ile ya kuzaliwa bila mirija ya kutolea mbegu, ambayo nayo hurithiwa na inaweza kuwapata ndugu wawili. Daktari anaigundua kwa vidole tu: anaipapasa mirija juu ya korodani, ipo ama haipo, haihitaji mashine. Kama hakuna aliyekupapasa mpaka leo, hicho ndicho kipimo kinachokosekana kwanza.

Kiasi kikiwa kizuri na mirija ipo, pimeni kromosomu na kipande cha kromosomu Y, ile ya kiume, kinachoitwa AZF. Kwa ndugu wawili wenye baba aliyezaa sitarajii kukuta kitu huko, ila ni vipimo vya kawaida na majibu yake hubadilisha uamuzi: aliyepungukiwa AZFa yote, ambayo ni sehemu moja ya kipande hicho, kwa mfano, hatufungui korodani zake, hatutapata kitu. Baada ya hapo omba kusomewa jeni kwa upana, wewe na mdogo wako kwa pamoja. Sampuli mbili za ndugu wawili zina thamani kubwa kuliko moja, maana tunatafuta kasoro ambayo nyote mnayo mara mbili na wazazi wanayo mara moja. Uliza mapema sampuli itasomewa wapi, gharama ni kiasi gani, na nani atakaa na wewe kukusomea majibu, kwa sababu karatasi bila msomaji haitakusaidia.

Kipimo cha RNA ndogo zenyewe kwenye shahawa utasikia kikitajwa. Mwaka 2018 watafiti wa Barcelona walionyesha kwamba maikroRNA moja, miR-31-5p, ndani ya vipovu vya shahawa, inaweza kutenganisha aliyeziba na asiyetengeneza. Ni hasa swali lako! Lakini haijawa kipimo cha hospitali cha kila siku. Akikuuzia mtu leo, mwambie asante.

Likija suala la kutafuta mbegu ndani ya korodani kwa upasuaji wa hadubini, ili zidungwe moja moja kwenye yai la mkeo, nitakwambia ukweli kama ningemwambia mdogo wangu wa damu. Uzalishaji ukiwa umekatika mapema na nakala zote mbili za jeni ni mbovu, nafasi ya kupata mbegu ni ndogo sana. Ukiwa umekatika baadaye, au kasoro haijakamilika, nafasi inaongezeka. Ndiyo sababu nataka jeni zisomwe kabla ya kisu. Na ikipatikana mbegu ukajaliwa mtoto, atapokea kutoka kwako nakala moja mbovu. Itamtosha ile nzima ya mama yake, ila kama mkeo naye ni ndugu yako wa karibu, apimwe kwanza.

Ukifika huko, zungumza na daktari kabla hujalala kitandani. Kinyama cha korodani kiwekwe kwenye dawa ya Bouin, ile ya rangi ya manjano, si formalini peke yake, kwa sababu formalini huvuruga duara zile na msomaji wa kioo atashindwa kujua seli zimesimama hatua gani. Mbegu ikionekana hata moja, igandishwe siku hiyo hiyo, usifunguliwe mara ya pili bila sababu.

Mkeo hukumtaja hata umri. Naye apimwe akiba ya mayai sasa, wakati wewe unasubiri majibu ya jeni, kwani majibu hayo yanaweza kuchukua miezi na mayai hayasubiri. Mdogo wako mwambie asikubali upasuaji wowote mpaka majibu yenu yamerudi. Ukipata karatasi ya kiasi cha shahawa na neno la daktari juu ya ile mirija, niandikie tena.